Mkate wa Madirisha

Kabla mtu mwingine yeyote kwenye ploti hajafungua mlango, Nthoki alikuwa ameshalitoa jiko uani. Alilipepea kwa kifuniko cha debe, taratibu, huku akilisemesha.

"Haya, baba, amka. Watu wana njaa."

Jiko likaitikia kwa cheche chache. Makaa yakaanza kuwa mekundu.

Nthoki alikuwa mama yake Mativo. Mativo alikuwa dereva, na mkewe Kavata alikuwa karani mjini. Walikaa Dandora, awamu ya pili, katika vyumba viwili vya ploti yenye familia nne. Ua ulikuwa mmoja na mfereji ulikuwa mmoja. Kamba ya kuanikia nguo ilikuwa moja pia, kwa hiyo kila mtu alijua shati la nani limechanika wapi. Nthoki alikuwa ametoka Machakos kuja kumtunza mjukuu wake mdogo, Koki, wakati wazazi wako kazini. Wajukuu walimwita Susu, kama watoto wa Kikamba wanavyomwita bibi yao.

Chai ilipoiva, wote wakaketi. Kanyiva, dada mkubwa, alikuwa wa kwanza kumaliza mkate wake.

"Mathe, niongezee tosti."

"Hapa hakuna mathe," Kavata akamjibu. "Hapa kuna mama. Ukimtaka mathe, nenda ukamtafute kule stegi ya matatu."

"Mama, niongezee tosti, tafadhali."

"Sasa umesema."

Koki hakuomba mkate. Sahani yake ilikuwa na viazi vitamu vya kuchemsha. Alikiinua kigoda chake, akakigeuza, akaketi akiwa ameelekea ukuta.

"Mbona unatupa mgongo?" Nthoki akamwuliza.

"Nikiangalia ukuta, Susu, kiazi kinakuwa kitamu."

Hakuna aliyecheka. Kanyiva akaufunika mkate wake kwa kiganja.

Ugonjwa wa Koki ulikuwa umeanza alipokuwa mdogo. Tumbo lilimjaa likawa kama ngoma, na miguu ikabaki kama vijiti. Aliharisha leo, akapoa, akaharisha tena. Walimpa dawa ya minyoo, haikusaidia. Jirani mmoja akasema mtoto ametupiwa jicho. Mwishowe wakampeleka hospitali kubwa. Alilazwa, akapimwa, na daktari akawaambia jambo ambalo hawakuwahi kulisikia.

"Si minyoo, wala si jicho la mtu," daktari alisema. "Utumbo wa mtoto huyu haupatani na kitu kiitwacho gluteni. Gluteni iko kwenye ngano na shayiri. Asile mkate, chapati, mandazi, keki wala biskuti. Asile maisha yake yote. Dawa yake ni hiyo tu. Na akianza kukonda tena, mrudisheni tumlaze."

Kwa hiyo Koki akala ugali, wali, viazi, maharagwe na muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa ambayo Nthoki aliyaleta kutoka nyumbani. Mashavu yakaanza kurudi. Akaanza kuruka kamba. Lakini moyo wa mtoto haushibi kwa muthokoi peke yake.

Siku hiyo, wengine walipokwisha kwenda, Koki alimfuata bibi yake mpaka mferejini.

"Susu."

"Nakusikia, mama."

"Krismasi, watu wakila chapati, nitaangalia ukuta pia?"

Nthoki aliendelea kusugua sufuria. Ilikuwa imeshatakata, lakini aliendelea kuisugua.

"Hutaangalia ukuta," alisema mwishowe. Wakati huo hakujua atafanyaje.

*

Jumamosi, Mativo alirudi akiwa na mzigo chini ya kwapa. Alikuwa akimwendesha injinia mmoja Mjapani, na familia ya injinia huyo ilikuwa inarudi kwao. Mkewe, Bi. Morikawa, alikuwa amesikia habari za Koki, akamtumia zawadi.

Mativo akaufungua mzigo mezani. Ndani mlikuwa na chuma cheusi, kizito, chenye mikono miwili ya mbao. Kilifunguka kama kitabu. Kurasa zake mbili zilikuwa zimejaa miraba midogo midogo iliyoinuka.

"Ni mtego wa panya?" Nthoki akauliza.

"Ni chuma cha kupikia mkate, mama. Wenyewe wanauita wafo."

"Wafu?" Nthoki akarudi nyuma hatua. "Mativo, mikate ya wafu unaileta katika nyumba yenye mgonjwa?"

"Si wafu, mama! Wafo! Wa-fo!"

Kanyiva alicheka mpaka akashika tumbo. Mativo akasubiri amalize, kisha akatoa pakiti ya unga mweupe.

"Na huu ndio unga wake. Ni unga wa mchele wa kwao Japani. Hauna ngano. Mama Morikawa alinipikia nikiona."

"Alipikaje?" Nthoki akauliza. Aliuliza kwa makini, maana mambo ya jikoni aliyapenda hadi punje ya mwisho.

"Anakoroga, anamwaga, anafunga, anageuza. Basi."

"Anakoroga nini na nini? Kiasi gani?"

"Mayai. Maziwa. Mama, mimi nilikuwa nakula."

"Heri angepelekwa Kanyiva."

Nthoki alichukua chembe za ule unga, akaziweka kwenye ulimi. Kavata naye akaishika pakiti na kusoma maandishi. Yalikuwa ya Kiingereza.

"Hapa wameandika unga wa mchele mtamu," akasema.

"Mtamu wapi?" Nthoki akasema. "Hauna hata harufu ya sukari."

Macho ya Kavata yakashuka mstari wa chini. Kisha akasoma tena, polepole, herufi kwa herufi.

"Glu-ti-nasi."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Mama, daktari alisema gluteni. Hii hapa imeandikwa glutinasi. Ni ile ile! Imejaa humu mpaka wameipa unga jina lake!"

"Lakini ni mchele, mama Koki," Mativo akasema.

"Ni mchele uliotiwa gluteni. Mimi nimesoma kwa macho yangu. Nililala na mtoto huyu hospitalini, wewe hukulala pale." Akaifunga pakiti ndani ya karatasi ya nailoni, akaiweka juu ya kabati. "Kesho naitupa."

Koki alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa ameshaingiza vidole vyake katika miraba ya kile chuma.

"Ni madirisha," alisema kwa sauti ndogo. "Susu, ni mkate wa madirisha." Kisha akaondoa vidole.

*

Nthoki alikuwa na elimu ya msingi tu, na Kiingereza hakukijua. Lakini unga aliujua. Kwake ilikuwa vigumu kuamini kwamba mchele unaweza kugeuka ngano kwa kuandikwa jina. Kesho yake, baada ya ibada, alimwomba Kavata ruhusa.

"Kabla hujautupa, twende tumwulize Sista Nabwire. Akisema tutupe, nitautupa mimi mwenyewe."

Nabwire alikuwa muuguzi wa kliniki ya kanjo, ile ya serikali ya jiji, na chumba chake kilikuwa upande wa pili wa ua. Walimkuta amevaa ndara, anafua yunifomu. Akajipangusa mikono, akaichukua pakiti, akasoma. Halafu akatabasamu.

"Mama Koki, sikulaumu. Hata mimi ningeruka. Majina haya mawili yamezaliwa na neno moja, gundi. Lakini si kitu kimoja. Glutinasi maana yake ni yenye kunata. Mchele huu ukiiva unanata kuliko mchele wetu. Wanasema mtamu ili kuutofautisha na ule mwingine, si kwamba una sukari. Na gluteni ni kitu kingine kabisa, kiko ndani ya ngano."

Kavata hakuridhika. "Sista, wewe unasema kunata, na daktari alisema gluteni. Mimi nitajuaje?"

"Swali zuri. Tusibishane, tuoshe. Kanyiva, niletee konzi moja ya unga wa chapati na beseni mbili za maji. Koki, mama, wewe kaa pale kwenye ngazi, utazame tu."

Nabwire akakanda kidonge cha unga wa ngano, na kingine cha ule unga wa Japani. Akamfanya Kavata ashike kile cha ngano na Nthoki ashike kile cha mchele, kila mmoja na beseni yake.

"Sasa osheni, kama mnafua soksi ya mtoto. Polepole."

Maji yakawa meupe kama maziwa katika beseni zote mbili. Nthoki akaosha, akaosha. Kidonge chake kikapungua, kikalainika, kikayeyuka. Alipofungua kiganja, hakikuwa na kitu.

"Changu kimekwisha," akasema.

Cha Kavata hakikuisha. Kilibaki kitu cha rangi ya kijivu, chenye kuteleza. Alipokivuta kikarefuka. Alipokiachia kikarudi.

"Mbona kinakuwa kama chingamu?"

"Hiyo ndiyo gluteni," Nabwire akasema. "Umeishika sasa. Hiyo ndiyo inayofanya chapati ivutike na mkate uumuke. Kwa wewe na mimi haina neno. Kwa Koki inaumiza utumbo, mpaka utumbo unashindwa kuchukua nguvu za chakula. Ndiyo maana alikuwa anakula na bado anakonda. Sasa angalia kiganja cha mama mkwe wako. Kuna nini?"

"Hakuna."

"Soma tena pakiti. Kilichomo ndani ni nini?"

Kavata akasoma. "Mchele. Basi."

Nthoki akatikisa kichwa. "Kumbe unga huu una majina mawili, na yote mawili ya uongo. Mtamu usio na utamu, na gluteni isiyo na gluteni!"

Wakacheka wote, hata Kavata. Mama Sahro wa chumba cha mwisho, aliyekuwa akisikiliza akiwa na mtoto mgongoni, akasema mwanawe pia huumwa tumbo, basi naye atamkataza mkate.

"Usifanye hivyo," Nabwire akamwambia. "Si kila tumbo linaloumwa ni la ngano. Watoto wengi wana minyoo, au wamekunywa maji machafu. Mlete kliniki kwanza, apimwe. Koki ameachishwa ngano kwa sababu daktari ameona."

*

Alasiri hiyo Nthoki akapika. Nabwire alikuwa amemwelekeza kabla ya kwenda kazini. Kikombe kimoja cha unga. Mayai mawili. Maziwa kikombe kisichojaa. Mafuta yaliyoyeyushwa, vijiko viwili. Kijiko cha sukari na chumvi kidogo. Asitie unga wa kuumulia keki, kwa sababu mwingine umechanganywa na ngano. Badala yake atenge ute mweupe wa mayai, aupige kwa uma mpaka uwe povu, kisha auchanganye mwishoni, bila haraka. Povu hilo ndilo litakaloinua mkate.

Kanyiva aliupiga ule ute mpaka mkono ukauma. Nthoki akakipasha chuma moto upande huu na upande huu. Akakipaka mafuta. Kisha akanyoosha mkono kwenye rafu, akachukua kopo lake dogo la vumbi, akanyunyiza kidogo ili mkate usigande. Akamwaga rojo. Akafunga chuma. Moshi mwembamba wenye harufu nzuri ukatoka pembeni. Akageuza. Alipofungua, mkate ulikuwa pale, wa rangi ya dhahabu, na madirisha yake yamejipanga safu kwa safu kama nyumba za esteti.

Koki akauma. Nje ulikuwa mkavu, ukalia kwenye meno. Ndani ulikuwa laini, unavutika kidogo.

"Susu," akasema mdomo umejaa, "una sauti!"

Alikula akiwa ameelekea watu. Nthoki aliliona hilo, na moyo wake ukawa mwepesi.

Lakini kulipokucha, Koki hakuamka kucheza. Tumbo lilikuwa limejaa. Alitapika, akaharisha, akaharisha tena. Kavata alimbeba, akamgeukia mama mkwe wake, uso mkavu.

"Nilisema, mama. Nilisema."

Nabwire alikuwa anarudi kutoka zamu. Alimpima Koki, akawaambia wachemshe maji, yakipoa wapime lita moja, watie vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, wamnyweshe kidogo kidogo. Asipoacha kuharisha hadi jioni, wampeleke hospitali. Kisha akamwuliza Nthoki.

"Ulitumia unga gani?"

"Ule wa pakiti peke yake."

"Hukuongeza unga wa ngano?"

"Hata chembe, Sista. Naapa."

Nabwire akakunja uso.

Koki alipata nafuu. Lakini Kavata alikuwa ameamua. Alilisema kwa heshima, akiwa ameinamisha macho, na kwa hiyo liliumiza zaidi.

"Mama, kuanzia leo Koki nitampikia mimi. Nitaacha chakula chake kwenye sufuria asubuhi. Naomba usimpe kitu kingine."

"Sawa, mwanangu," Nthoki akasema.

Siku zilizofuata, Nthoki alipepea jiko kama kawaida. Lakini hakulisemesha. Mchana alimfunulia Koki sufuria aliyoacha mama yake, akampakulia viazi vilivyopoa. Alikuwa ametoka Machakos kuja kumlisha mtoto huyu. Sasa alikuwa mtu wa kufunua vifuniko. Alianza kukunja kanga zake na kuzipanga kwenye sanduku.

*

Nabwire ndiye aliyeliona sanduku. Ilikuwa Jumamosi nyingine, na Kavata alikuwa nyumbani.

"Mama Mativo, unasafiri?"

"Kazi yangu imekwisha hapa, Sista."

"Haijakwisha. Jambo hili linanisumbua. Unga ule sio mbaya, niliuona unayeyuka. Basi kuna kitu kingine. Naomba upike tena, mbele yangu na mbele ya mama Koki. Koki hatakula. Ufanye vile vile ulivyofanya siku ile, usiruke hata hatua moja."

Kavata alisimama mlangoni, mikono ameikunja kifuani. Hakukataa.

Nthoki akapika. Akapima unga. Akavunja mayai. Akapiga povu. Nabwire akafuata kila kitu kwa macho. Chuma kikapata moto. Nthoki akakipaka mafuta. Na mkono wake, bila yeye kuuangalia, ukaenda kwenye rafu, ukashika kopo, ukanyunyiza.

"Ngoja!" Nabwire akasema. "Hicho ni nini?"

"Kipi?"

"Hicho ulichonyunyiza."

Nthoki akalitazama kopo kana kwamba limefika mkononi mwake lenyewe. "Hiki? Hiki si kitu. Ni vumbi."

"Vumbi la nini?"

"Vumbi tu. La kuzuia isigande. Ukisukuma chapati unanyunyiza..."

Mkono ukabaki hewani. Makaa yalilia jikoni.

"La chapati," Nthoki akamaliza, polepole. "Ni la ngano."

Katika nyumba ile, unga ulikuwa unga wa ugali. Ule wa chapati uliitwa ngano. Na zile chembe zinazonyunyizwa kwenye kibao ziliitwa vumbi, tangu Nthoki alipokuwa msichana akimtazama mama yake. Walipoondoa ngano yote kwenye chakula cha Koki, hakuna aliyelikumbuka vumbi. Nani angelikumbuka? Vumbi si chakula. Na Nabwire alipouliza juu ya unga wa ngano, Nthoki alijibu ukweli aliokuwa nao.

"Ni mimi," alisema. Akaketi kwenye kigoda cha Koki. "Ni mkono wangu huu. Nimemlisha mtoto sumu yake."

"Kidogo kile kinatosha kumdhuru?" Kavata akauliza.

"Kinatosha," Nabwire akasema. "Kwa Koki hata makombo yanatosha. Kijiko kilichotoka kwenye ngano kikaingia kwenye kopo lake la mafuta. Kibao cha chapati kikakatiwa viazi vyake. Hata unga wa wimbi uliosagwa kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano."

Kavata akakunjua mikono yake.

"Sista," akasema, "kila asubuhi mimi namenya viazi vyake na kuvikatia juu ya kile kibao. Kile kile cha chapati. Nakipangusa tu kwa kitambaa. Ndiyo maana wiki hii hakupona sawasawa. Nilidhani bado ni ule mkate wa mama."

Wale wanawake wawili wakatazamana. Kisha Nthoki akaanza kucheka, kicheko kidogo kilichochanganyika na machozi.

"Basi tulikuwa wawili. Mimi na vumbi langu, wewe na kibao chako."

"Nisamehe, mama." Kavata akauchukua mwiko mezani, akamkabidhi kwa mikono miwili. "Umpikie. Na hilo sanduku nitalifungua mimi."

*

Siku ile ile walipanga upya vyombo vya jikoni. Rafu ya juu ikawa ya Koki peke yake. Sufuria yake, mwiko wake, kibao chake kipya na kopo lake la mafuta vilifungwa uzi mwekundu, ili hata mgeni ajue. Siku ya chapati, chakula cha Koki kilipikwa kwanza na kufunikwa, ndipo ngano ikafunguliwa. Mikono ilioshwa kwa sabuni. Nthoki alilimwaga vumbi, akaliosha kopo kwa maji ya moto, akalianika juani. Chuma cha madirisha akakisugua kwa brashi, mraba mmoja baada ya mwingine, asiache hata kona.

Alipopika tena, Koki alikula. Kesho yake aliamka akaruka kamba. Na kesho yake tena.

Unga wa Japani ulipokwisha, hawakuhangaika. Batulo, mwenye duka la kona, alimwuzia Nthoki mchele uliovunjika, ule usiopendwa na wapishi wa pilau.

"Sisi tunauloweka usiku kucha," Batulo akamweleza. "Halafu unautandaza kwenye shuka safi juani. Ukikauka nje lakini bado una unyevu ndani, twanga."

Nthoki hakuupeleka kwenye mashine ya kusaga, maana mashine ile ilisaga ngano pia. Aliutwanga mwenyewe kwenye kinu chake, akauchekecha, akautwanga tena. Mchele wetu haunati kama ule wa Japani, kwa hiyo Nabwire akampa muhogo mkavu uliotoka kwao Busia. Nao wakautwanga. Vikombe viwili vya mchele, kikombe kimoja cha muhogo. Mkate ukashikana vizuri, ukalia kwenye meno kama ule wa kwanza.

Krismasi ikafika. Wageni walitoka Machakos na Mathare, ua ukajaa viti vya kuazima. Kavata alipika chapati kwenye jiko la mbali, karibu na geti. Nthoki alikaa na jiko lake mlangoni, na chuma mkononi. Kila alipokipaka mafuta, mkono wake ulienda kwenye rafu wenyewe, kama zamani.

"Susu, mkono!" Koki alipiga kelele.

"Ni vumbi la mchele, mama. Angalia." Nthoki akamwonjesha chembe za kopo. "Mkono huu umezeeka, haufundishiki. Nimeona afadhali nilifundishe kopo."

Wageni walionja. Wakaomba tena. Mativo aliwaeleza jinsi alivyojifunza upishi huo Japani, na mama yake akamwambia aache uongo siku ya Yesu. Watu walikula mkate wa madirisha mpaka bakuli la rojo likabaki na rojo la mkate mmoja wa mwisho. Nthoki akaupika, akauweka kwenye sahani ya Koki.

"Na mimi?" Kanyiva akauliza.

"Wewe una chapati. Nne nzima, nimekuona."

Kanyiva akatazama chapati zake. Akatazama sahani ya mdogo wake. Kisha akachukua kigoda, akakigeuza, akaketi akiwa ameelekea ukuta.

"Unafanya nini?" Kavata akamwuliza.

"Nikiangalia ukuta, mathe, chapati inakuwa tamu."

Ua mzima ukacheka. Koki alicheka kuliko wote, mpaka akakaribia kuanguka. Alipotulia, alihesabu miraba kwa kidole, akaumega mkate wake kwa uangalifu, kwenye mstari.

"Geuka, Kanyiva," akasema. "Nitakugawia madirisha mawili."